Mthamini Aliyepanga kwa Mama

Mwizi unaweza kumchukia na bado ukalala vizuri. Shida ya Mthamini ni kwamba hakuwa mwizi. Miaka yote aliyoishi kwenye ploti ya mama yangu sikuwahi kusikia amekula hela ya mtu, na mimi husikia mengi, maana nina duka la mbegu na dawa za mifugo katikati ya mji wetu mdogo wa upande wa Rongai, na mtu akisimama kaunta akingoja dawa ya minyoo huongea tu. Kungekuwa na la kusema kumhusu, ningelisikia. Ndiyo maana hasira yangu juu yake haijui ikae wapi mpaka leo.

Kazi yake ilikuwa kukadiria thamani ya ardhi, ili serikali ya kaunti ijue kila mwenye ploti atatozwa kodi kiasi gani kwa mwaka. Watu wa mjini walimwita Valua. Mama naye alimwita hivyo hivyo, ila kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe aje kula. Jina lake halisi nalijua vizuri na silitaji. Ana watoto, na watoto wake hawakuthamini ploti ya mtu.

Kutembea naye barabarani kulikuwa adhabu. Hakuona nyumba. Mngefika mbele ya ghorofa jipya, lile lililojengwa na mwenye lori za mahindi, lenye vioo vya kijani na balkoni za kuanika nguo, na wewe umesimama unashangaa, yeye angefumba jicho moja, ainue kiganja, alifunike ghorofa zima mbele ya uso wake. "Toa nyumba," angesema. "Sasa niambie kimebaki nini." Kilichobaki kilikuwa udongo, na udongo ndio aliothamini.

Alinieleza mara nyingi, kwa subira, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kodi ile huhesabu ardhi tupu, kana kwamba hakuna kilichowahi kujengwa juu yake. Kwa hiyo mwenye ghorofa na mjane mwenye nyumba ya mbao, ploti zao zikiwa sawa na zikipakana, wanalipa sawa. Yule anakusanya kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi, huyu anakusanya majani ya ng'ombe, na serikali inawaangalia wote wawili na kuona udongo ule ule. Nilimwambia huo ni wendawazimu.

"Si wendawazimu," alisema. "Tukithamini nyumba, watu wataogopa kujenga. Tukithamini ardhi, yule amelala ataamka ajenge."

"Na yule hataki kujenga?"

"Auze."

Alisema auze vile mtu angekwambia uvae sweta kwa sababu nje kuna baridi. Nilitaka kumrushia kopo la chumvi ya ng'ombe, na lilikuwa kaunta, karibu na mkono.

Na usidhani alikuwa mtu wa moyo mgumu. Hapo ndipo ananichosha. Tulienda naye mazishi Molo, kumzika ndugu ya Mama, siku ya baridi na matope, lori za viazi zikikwama kwenye kona ya kuingilia bomani. Mchungaji akiwa katikati ya maombi, watu wameinamisha vichwa, nikasikia pumzi sikioni mwangu: "Hii side ikipata lami, bei itaruka." Nikampiga kiwiko cha mbavu. Lakini ilipofika saa ya kufukia, vijana wa hapo waliposhika majembe kwa zamu na kuyaachia upesi wakakimbilie chakula, Mthamini hakuliachia lake. Alifukia mpaka suruali ya suti ikawa rangi ya shamba, akasawazisha kichuguu kwa mikono, akaondoka wa mwisho. Marehemu alikuwa hamjui. Alikuwa anamjua Mama tu, na hiyo ilimtosha.

Kuhusu uaminifu wake kuna kisa cha mbuzi, ambacho mji mzima unakijua. Mwenye kituo kimoja cha mafuta alimtumia mbuzi dume usiku wa kuamkia siku ya kuthamini. Asubuhi Mthamini alivaa koti na tai, akamfungua mbuzi, akamrudisha mwenyewe kwa miguu kando ya barabara kuu ya kwenda Eldoret, kamba mkononi, lori zikimpigia honi na makondakta wakimuuliza anauza ngapi. Alimfunga kwenye pampu ya dizeli, akasema asante, akarudi kazini. Watu walicheka wiki nzima. Mimi nilicheka pia.

Lakini nilipoacha kucheka nikatazama vizuri. Wakubwa hawakuhitaji kumtumia mbuzi. Walikuwa na mawakili, na mawakili waliandika pingamizi kwa kizungu kirefu, na huko juu, kwenye meza ambazo Mthamini hakukalishwa, bei za ploti zao zilishushwa kimya kimya. Alichokataa yeye kilikuwa mbuzi wa mtu mdogo aliyejifanya mkubwa. Nilimwambia uaminifu wake unawauma wale tu wasio na namna. Akasema hayo ya juu si kazi yake, yeye ni mtu wa udongo. Ilikuwa ndiyo kauli yake kila alipobanwa.

Hakuwa na ardhi, hata ya kupanda sukuma wiki. Mtu aliyeweka bei ya kila upande wa mji alipanga vyumba viwili nyuma ya zizi la Mama, vyumba vya mabati vyenye sakafu ya saruji, na alikuwa mpangaji wake wa pekee. Familia yake iliishi Nakuru kwa wakwe, akienda kuwaona wikendi moja na kukosa nyingine. Nilimuuliza kwa nini hanunui hata kiploti. Akasema mthamini akiwa na ploti ataipendelea barabara yake. Nilidhani anatania, lakini alikuwa anasema kweli kabisa.

Ploti ya Mama ilikuwa ekari moja, iliyobaki ya shamba ambalo baba alinunua wakati mashamba makubwa ya masetla wa Kizungu yalipokatwa na kugawiwa. Nyumba ya mbao, zizi, nyasi za nepia, ng'ombe wa maziwa, kuku wasio na nidhamu. Jumamosi Mthamini alikata nepia. Mama alipougua mgongo alikamua yeye, na alikamua vibaya, akapigwa teke na yule ng'ombe mweusi ambaye hakupenda wanaume, akarudi kesho yake kujaribu tena. Aliwajua ng'ombe wote kwa majina na tabia. Kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini alikaa jikoni kwa Mama akinywa chai ya maziwa kutoka kikombe ambacho hakuna mwingine aliyekigusa.

Alikuwa na sheria moja ya kazi: siku anapothamini, hapokei kitu kwa mwenye ploti, hata maji. Alitembea na chupa yake ya chai, ile ya kuhifadhi moto, imefungwa kwa ukanda begani. Akiingia bomani kwa mtu akakaribishwa, angeinua chupa kuonyesha anayo, na watu wakajua leo amekuja kama serikali.

Basi lami ikaja. Ikapita mbele ya lango letu, na nyuma yake zikaja taa za barabarani, na nyuma ya taa likaja tangazo kwamba mji umepandishwa hadhi na mipaka yake imesogezwa, na mashamba yaliyokuwa mashamba jana sasa ni mjini. Ardhi yote ya mjini ingethaminiwa upya. Hatukuhama hata hatua. Mji ndio uliokuja ukatukuta tukikamua.

Asubuhi moja Mama alimimina chai kwenye kikombe cha Mthamini kama kawaida. Mwenyewe akaingia jikoni akiwa amevaa koti na tai, chupa begani. Hakuketi. Akainua chupa.

Mama alinisimulia hiyo asubuhi mara nyingi, na kila mara husimama hapo kwanza. "Aliinua chupa," husema. "Kwa jikoni yangu."

Alitembea ekari yote, pembe kwa pembe, na Mama nyuma yake. Alimwambia waziwazi anachofanya, hakumficha neno. Nilipopata habari nilifunga duka nikaenda kumsubiri ofisini kwao. Nilimwambia angempa mwenzake upande wetu, si ni aibu kuthamini mahali unapolala. Akanijibu kwamba mwenzake angethamini kutoka ndani ya gari bila hata kushusha kioo. "Mimi nimeitembea," alisema. "Nimempa Mama heshima yake." Na aliamini hivyo, macho yake yalikuwa yanang'aa kabisa.

Thamani aliyoandika ilikuwa ya ploti ya kujenga maghorofa ya kupangisha. Hivyo ndivyo wanavyofanya: hawaulizi unaitumia vipi, wanauliza mwenye pesa angeitumia vipi. Nyumba ya mbao ilitolewa. Zizi likatolewa. Ng'ombe hawakuhesabiwa hata kidogo, maana wanatembea. Na kaburi la baba likatolewa.

Baba amelala katikati ya ekari, nyuma ya nyumba, karibu na nepia. Duka langu lilipoanza kusimama nilimjengea kaburi lake vizuri, saruji na vigae vya buluu, na msalaba wa zege. Nilimuuliza Mthamini amelihesabu vipi.

"Limejengwa," alisema. "Chochote kimejengwa juu ya ardhi tunatoa."

"Ni baba yangu."

"Ningekuta ni udongo tu, ningelihesabu kama sehemu ya ardhi. Lakini hii ni saruji, ina vigae. Kwa sheria hiyo ni jengo."

Sijawahi kumpiga mtu mzima. Siku hiyo nilipiga meza, karatasi zake zikaanguka, akaziokota moja moja akiniomba radhi, kama yeye ndiye aliyeziangusha.

Kodi ilipotoka, ya mwaka mmoja ilizidi kile ambacho maziwa yalituingizia mwaka mzima. Usipolipa inaongezwa faini, faini inazaa faini, na mwisho wake ploti inaweza kupigwa mnada. Mama alielewa hayo yote bila kuhitaji kuelezwa mara mbili. Yule aliyefika kwenye ardhi ile ikiwa kichaka, aliyeng'oa visiki kwa mikono yake na kumzika mumewe pale, angetolewa pale kwa sababu kuna mtu ambaye hatumjui angeweza siku moja kutaka kujenga ghorofa. Aliuza yule ng'ombe mweusi. Ukilipa mwaka huu kwa ng'ombe, na mwaka ujao kwa ng'ombe, hesabu hiyo mtoto anaijua.

Jioni aliyouza ng'ombe, Mthamini alikuja mlangoni. Nilikuwapo. Alivua kofia.

"Mama, unaweza kuniongezea kodi ya nyumba. Hiyo ni haki yako. Mimi nitalipa yenye utasema."

Mama alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa. "Valua, mimi nilikuwa nakupea chai nikifikiri nakunywa na mtu. Kumbe nakunywa na ofisi. Toka kwangu."

"Mama, mimi nilifuata—"

"Fuata mpaka nje."

Alihama kwa mkokoteni, godoro, meza, redio. Kabla ya kuondoka alivipaka vile vyumba chokaa upya, akaziba tundu la bati ambalo lilikuwa linavuja tangu zamani. Mama aliviacha wazi, kuku wakaingia wakataga humo. Hakumpangisha mtu mwingine.

Tulipeleka pingamizi. Kikao kilikaa kwenye ukumbi wa jamii, watu watatu mezani, chupa za maji mbele yao, na sisi kwenye viti vya plastiki pamoja na nusu ya mji. Mthamini aliitwa kueleza thamani yake na akaieleza kwa ukweli ule ule. Ardhi ni tambarare, inatazama lami, maji yapo, stima ipo. Hakumtukana Mama, wala hakumtetea. Mwenyekiti akamuuliza Mama ana nini cha kusema.

"Mimi sitaki kujenga maflati," Mama alisema. "Mimi nataka kukamua."

"Mathe, hiyo tumeskia na tunaheshimu. Lakini hapa tunaongea value tu."

Kuna watu walicheka. Nawajua waliocheka, wananunua dawa kwangu, na nimewauzia bila kuwasalimia tangu siku hiyo. Pingamizi likakataliwa. Wakasema tukipata jambo jipya tunaweza kurudi kikao kingine. Jambo jipya gani? Ardhi ni ile ile, na Mama ni yule yule.

Tulirudi hata hivyo, maana Mama alikataa kubaki nyumbani. Wakati huo Mthamini alikuwa amestaafu na hatukuwa tumemwona muda mrefu. Mtu aliniambia anaishi Nakuru, sukari imempanda, haoni vizuri. Nilisema afadhali, na nikajisikia vibaya, kisha nikasema tena afadhali.

Jina la Mama lilipoitwa, mzee wa sweta alisimama mlangoni kwa nyuma na kuomba nafasi ya kusema kama mwananchi. Sikumtambua mpaka aliposema. Hakuwa na tai wala chupa. Alisema ameuliza kwa wenzake wa zamani siku ya kesi hii, akapanda gari asubuhi ile kuja, kwa sababu kuna kosa katika kazi yake na hataki kufa nalo.

"Nilitoa kaburi," alisema. "Niliandika ni jengo. Jengo ni kitu mtu anaweza bomoa. Sasa niwaulize nyinyi, hapo mezani, nani kati yenu anaweza nunua ploti iko na kaburi katikati, abomoe, ajenge flats juu yake?"

Wale watatu ni watu wa huku, wana wazazi waliozikwa mashambani kama sisi. Mwenyekiti alimtazama wa kulia, akamtazama wa kushoto. Hakuna aliyesema angenunua.

"Hata kwa bei ya kutupa mtasita," Mthamini alisema. "Soko ilijua. Mimi ndio sikujua, na nilikuwa naanika shati langu karibu na hilo kaburi siku za Jumapili."

Walinong'ona kwa muda mrefu, kisha wakashusha thamani. Wakaishusha sana, mpaka kodi ikawa kitu ambacho maziwa yanaweza kulipa na yakabaki ya chai. Mama angekaa. Nilimkumbatia palepale, viti vikaanguka, nikalia mbele ya wale waliocheka na sikujali.

Mthamini alitusubiri nje kwenye kivuli cha tangi la maji. Alikuwa amekonda. Mama alimwendea polepole, wakasalimiana kwa mkono, na Mama hakuuachia mkono wake upesi.

"Wamepunguza, Mama," alisema, kwa furaha ya mtoto aliyefaulu.

"Nimesikia. Wamepunguza juu ya nini?"

"Juu ya mzee wako."

Mama alifikiria hilo. "Na juu yangu?"

Hakuelewa.

"Mimi nimeishi hapo miaka mingi kuliko huyo mzee. Yeye amelala tu. Mimi ndio naamka, mimi ndio nakamua, mimi ndio nimezeeka hapo. Sasa mimi nimepunguza ngapi?"

Nilimwona akitafuta uongo wa kumpa. Naapa nilimwona akiutafuta, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake, na asiupate.

"Wewe hupunguzi kitu, Mama," alisema. "Mtu akiwa hai anaweza hama."

Damu ilinipanda. Nilifungua mdomo nimwambie yote niliyoyaweka tangu siku ya meza, lakini Mama alinishika kiwiko. Alikuwa anatazama upande wa nyumbani, kama anayepima kitu kwa macho.

"Basi nyinyi mtanisikia," aliniambia. "Mimi msinizike na baba yenu kule nyuma. Mnizike mbele, hapo karibu na lango, penye lami inapita."

Nilisema, "Mama, tafadhali."

Mthamini aliinamisha kichwa, akafikiria, akakadiria. Kisha akamjibu kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa zawadi ya pekee aliyonayo.

"Hapo mbele, Mama, bei itashuka hata zaidi."

Na Mama akamwambia asante.